Chai ya asubuhi, njaa na jinsia ya mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mkunga. Miaka mingi nimekaa kliniki ya wajawazito, na ni nadra wiki ipite bila mwanamke kusogeza kiti karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini ale nini, na ale saa ngapi, ili safari hii apate wa kiume. Wanaotaka wa kike nao wapo, ila hao huuliza kwa sauti ya kawaida. Tofauti hiyo ya sauti ndiyo iliyonifanya nikae niandike majibu haya, maana nyuma ya swali la chakula mara nyingi limejificha swali jingine: nani alaumiwe.

Ni kweli kwamba mwanamke akinywa chai nzito asubuhi hupata mtoto wa kiume?

Hapana. Hakuna chakula, wala saa ya kula, iliyothibitika kumpa mwanamke mtoto wa jinsia anayoitaka. Anayekunywa uji wa ulezi na kula mayai mawili kila asubuhi, na anayetoka nyumbani na chai ya rangi tupu, wote wawili wanasimama karibu na nusu kwa nusu.

Mbona nasikia ni utafiti wa Wazungu? Habari hii ilitoka wapi?

Utafiti upo. Mwaka 2008 Fiona Mathews wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza. Walikuwa wamewafuatilia wanawake 740 wenye mimba ya kwanza, ambao hawakujua wamebeba mtoto gani, wakawauliza walikula nini. Kisha wakawagawa mafungu matatu kwa kiasi cha nishati waliyoipata kwenye chakula karibu na wakati wa kutunga mimba. Katika fungu la waliokula zaidi, asilimia 56 walizaa wa kiume. Katika fungu la waliokula kidogo, asilimia 45. Na kati ya vyakula vyote, kimoja kilijitokeza peke yake: nafaka za boksi zinazoliwa asubuhi na maziwa, za aina ya konifleksi.

Magazeti yakaichukua habari hiyo na kuikimbiza dunia nzima. Kufika kwetu, konifleksi ilikuwa imegeuka chapati, supu, mihogo ya nazi, chochote kile ilimradi kimeliwa mapema. Waliokuwa wamezoea kuambiwa “kula ushibe ili uzae dume” wakaona sasa sayansi imewaunga mkono.

Asilimia 56 kwa 45 si tofauti ndogo. Kwa nini huiamini?

Swali zuri, na jibu lake linafaa kwa habari nyingi za afya unazotumiwa kwenye simu.

Mwaka uliofuata, 2009, Stanley Young, Heejung Bang na Kutluk Oktay waliandika jibu katika jarida lilelile. Walirudia hesabu na kuonyesha kwamba vyakula vilivyopimwa vilikuwa 132. Sasa fanya hivi: wape watu 132 shilingi moja moja, kila mmoja airushe mara kumi. Watu kama saba hivi watapata kichwa mara nane au zaidi. Hawana mkono wa ajabu. Ni kwamba warushaji ni wengi, lazima wachache wao watokee na matokeo ya kushangaza. Ukiwaita hao saba peke yao jukwaani na kuwasahau wale 125, utadhani umegundua kipaji. Kwa vyakula ni vivyo hivyo: ukipima 132, kadhaa vitaonekana kama vinahusiana na watoto wa kiume hata kama hakuna chochote. Konifleksi ilikuwa mmoja wa wale warushaji wenye bahati. Young na wenzake walihitimisha kwamba kilichoonekana ni bahati ya namba.

Kuna jambo la pili ambalo wasimuliaji huliruka. Utafiti uleule wa Mathews haukukuta uhusiano wowote kati ya jinsia ya mtoto na chakula alichokula mama *baada* ya kushika mimba. Kwa hiyo hata ukiamua kuuamini wote jinsi ulivyo, kumlazimisha mjamzito wa miezi minne amalize sahani ya tatu ili “aimarishe dume” hakuna msingi hata huko.

Jinsia ya mtoto huamuliwa lini, na nani?

Dakika ileile mbegu inapoingia kwenye yai. Kliniki huwa naeleza kwa maharage. Chukua bakuli mbili. Ya mama ina maharage mekundu matupu. Kila yai lake limebeba kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba urithi. Ya baba ina mekundu na meupe, takriban nusu kwa nusu. Mbegu nyingine zimebeba X, nyingine Y. Fumba macho, chota punje moja kila bakuli. Nyekundu mbili, mtoto wa kike. Nyekundu na nyeupe, mtoto wa kiume. Bakuli ya mama haina nyeupe hata moja, kwa hiyo yeye hana cha kutoa wala cha kunyima.

Aliyeliona jambo hili kwa darubini ni mwanamke, Nettie Stevens wa Marekani, mwaka 1905, akichunguza mbawakawa wadogo ambao mabuu yao huishi kwenye unga. Aliona madume hutoa mbegu za aina mbili, na aina ndiyo inayoamua mtoto atakuwa nani. Mwaka 1990 watafiti wa London wakaipata jeni yenyewe iliyoko kwenye Y inayoanzisha safari ya kiume, inaitwa SRY. Huanza kazi wiki chache tu baada ya mimba kutungwa, lakini uamuzi wake ulishapita siku ya kwanza. Kwa hiyo mama anapogundua siku zake zimechelewa na kuanza kupanga mlo, jinsia imeshajulikana zamani, ila bado hatuwezi kuiona.

Wanaume wakisikia mfano wa maharage hunyamaza, wengine huona sasa lawama imewageukia wao. La hasha. Baba naye hachagui ni punje ipi itoke. Mamilioni ya mbegu huanza safari, moja hufika, na hana amri juu ya hiyo moja.

Wengine husema kushinda njaa huleta mtoto wa kike. Njaa haina athari yoyote?

Hapa panataka uangalifu, kwa sababu si uzushi mtupu, na ndiyo maana panapotosha zaidi.

Mwaka 1973 wanasayansi Robert Trivers na Dan Willard walitoa wazo kwamba kwa baadhi ya wanyama, mama mwenye afya nzuri huelekea kuzaa madume zaidi, na aliyedhoofika majike zaidi. Panya wa maabara katika Chuo Kikuu cha Missouri waliolishwa mafuta mengi sana walizaa madume zaidi kuliko waliolishwa mafuta kidogo; hiyo ilichapishwa mwaka 2003. Mwaka huohuo utafiti wa vijijini Ethiopia ulikuta kwamba akina mama wenye miili yenye akiba zaidi walizaa wavulana zaidi. Kwa upande wa Uchina, uchambuzi wa Shige Song uliotoka mwaka 2012 ulionyesha sehemu ya watoto wa kiume ilishuka wakati wa njaa kuu ya 1959 hadi 1961. Lakini Uholanzi, ambako majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 watu wa mijini walikufa kwa njaa chini ya Wajerumani, watafiti walitafuta mabadiliko kama hayo na hawakuyakuta.

Sasa tuseme Uchina ni kweli. Ina maana gani? Njaa haiwezi kuibadilisha Y ikawa X. Mimba iliyokwisha kutungwa ya kiume haigeuki ya kike kwa sababu mama hakula. Maelezo yanayoelekea zaidi ni haya: mimba za kiume nyingi zaidi ziliharibika, na wasichana ndio waliosalia kuhesabiwa. Soma sentensi hiyo mara mbili. Mwanamke anayejinyima chakula ili apate binti anajaribu, bila kujua, kuufanya mwili wake uwe mahali pagumu pa mimba kuishi. Na mwili huo hautamwacha binti salama: njaa kabla na wakati wa mimba huleta upungufu wa damu, uzito mdogo wa mtoto, na mara nyingine mimba haishiki kabisa.

Kuhusu sukari ya damu, ambayo ndiyo hoja ya wanaosema “usipokula asubuhi sukari inashuka, dume halikai”: kwenye sahani za maabara, viinitete (mimba changa kabisa) vya ng’ombe vya kiume vilionekana kustahimili sukari nyingi kuliko vya kike. Lakini tumbo la mama si sahani. Mtu asiye na kisukari, hata kabla hajatia kitu kinywani asubuhi, sukari yake husimama takriban kati ya milimoli 3.9 na 5.5 kwa lita ya damu. Mwili unailinda usiku kucha, ukila saa moja au saa nne.

Na kufunga Ramadhani?

Swali hili huletwa na akina dada wa Pwani na Visiwani, na wengine wana wasiwasi wa kweli. Wachumi wawili, Douglas Almond na Bhashkar Mazumder, walichambua kumbukumbu za watoto wa mama wa Kiarabu waliozaliwa jimbo la Michigan, Marekani, kati ya 1989 na 2006. Walikuta uzito wa watoto ulipungua kidogo pale mimba ilipokutana na Ramadhani. Waliona pia uhusiano na upungufu wa wavulana pale Ramadhani ilipokutana na mwezi wa kwanza wa mimba. Lakini hawakujua ni mama yupi alifunga na yupi hakufunga. Walilinganisha kalenda tu. Tofauti za namna hiyo huonekana ukiwapanga watu maelfu kwa maelfu. Hazikuambii lolote kuhusu mtoto wako mmoja. Daku nzito haitakupa mvulana wala futari ya kuchelewa haitakupa msichana.

Jambo la uzito wa mtoto ndilo ningependa ulibebe. Mjamzito na anayenyonyesha anayehofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa ya kutofunga, na namna ya kulipa utamuuliza mwanazuoni unayemwamini. Kama ulifunga siku kadhaa kabla hujajua una mimba, usijitese kwa hilo. Njoo kliniki, tupime damu na shinikizo, tuendelee mbele.

Chumvi na ndizi kwa wa kiume, maziwa kwa wa kike?

Wazo hili lilienezwa na Joseph Stolkowski wa Ufaransa na Jacques Lorrain wa Kanada karibu na mwaka 1980: sodiamu na potasiamu kwa mvulana, kalsiamu na magnesiamu kwa msichana. Halijathibitika kiasi cha kumshauri mtu. Chumvi nyingi kwa mwenye shinikizo la damu ni hatari, na kukataa maziwa na dagaa kwa kuogopa msichana ni kujinyima madini ya mifupa yako na ya mtoto.

Basi siku ya kukutana na mume je? Naambiwa siku yai linapotoka ni ya mvulana.

Hiyo ni njia ya daktari Mmarekani, Landrum Shettles, iliyosambaa tangu miaka ya 1960: mbegu za Y ni nyepesi na zenye mbio, basi mkutane siku yai linapotoka, za X ni nzito na zinavumilia, basi mkutane siku kadhaa kabla. Inavutia kusimulia. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walichapisha ufuatiliaji wa wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mimba, wakipima mkojo wao kila siku kujua yai limetoka lini. Mimba zilizopatikana zilikuwa 192. Zote zilitungwa ndani ya siku sita zinazoishia siku ya yai kutoka, na siku ya kukutana haikuwa na uhusiano wowote na jinsia ya mtoto. Zijue siku hizo sita kwa ajili ya kupata au kuepuka mimba. Kwa hilo zina thamani kubwa.

Kalenda ya Kichina, ile inayobashiri jinsia kwa umri wa mama na mwezi wa kutunga mimba, imewapatia wengi. Nayo?

Watafiti waliijaribu kwa kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 2.8 waliozaliwa Sweden. Ilipatia nusu, ikakosea nusu.

Nimeuziwa unga wa kunywa asubuhi kabla ya kula. Mwingine ameniambia nijisafishe ndani kwa magadi, au ndimu kama nataka binti.

Acha. Tafadhali, acha leo, na kama una mimba njoo nao huo unga kliniki.

Katika jimbo la Haryana, India, dawa za kienyeji za kupata mtoto wa kiume hunywewa miezi ya mwanzo ya mimba. Watafiti walipozipima walikuta nyingine zina viambato vinavyofanya kazi kama homoni za kike pamoja na metali nzito, na wakaona uhusiano kati ya matumizi yake na watoto waliozaliwa na kasoro au waliozaliwa wafu. Fikiria: jinsia ilishaamuliwa, dawa haiwezi kugusa hapo, lakini inamkuta mtoto wakati ule hasa moyo na uti wa mgongo vinajengwa. Mama alikuwa anatafuta mwana, akapewa kitu kinachoweza kumuumiza huyo mwana.

Magadi na ndimu huunguza ngozi laini ya uke na kuwaua bakteria wazuri wanaoulinda. Nimewaona wanawake waliokuja na maambukizi kwa sababu hiyo, wakificha chanzo kwa aibu. Hatutakucheka. Tuambie ulitumia nini ili tukutibu sawasawa.

Lakini jirani yangu alifuata masharti na akapata wa kiume kweli.

Nami namwamini. Duniani huzaliwa wavulana takriban 105 kwa kila wasichana 100. Kwa hiyo ukiwapa wanawake mia moja masharti yoyote, hata ya kulala na kijiko chini ya mto, zaidi ya hamsini watakuja kukushukuru. Waliokosa hawatasimulia, wataambiwa hawakufuata vizuri, walikula kwa kuchelewa, walisahau siku moja. Hapo ndipo biashara ilipo. Muuzaji hata akiahidi kurudisha pesa kwa waliokosa, za nusu ya wateja zinabaki kwake bila kufanya kazi yoyote.

Nina mabinti wanne. Mume na mama mkwe wanasema tatizo ni langu, na kuna maneno ya kuoa mwingine.

Dada yangu, tatizo si lako. Nimekwisha kueleza bakuli za maharage. Mpeleke mumeo asome mwenyewe, au mje naye kliniki, huwa nayaweka maharage kwenye droo. Mimba ya tano itakuwa na nafasi ileile ya karibu nusu, kama ya kwanza. Mabinti wanne hawajaziba njia wala hawajaifungua. Na akioa mwingine, atakwenda na bakuli yake ileile.

Kwa mama mkwe, ongea kwa adabu yake. Kama ni Mwislamu, Sura ya Ash-Shura, aya ya 49 na ya 50, inasema Mungu humpa amtakaye mabinti na humpa amtakaye wana wa kiume; mabinti wametajwa kwanza. Nimeona aya hiyo ikituliza nyumba ambayo kromosomu zilishindwa kuituliza. Lakini kama maneno yamekuwa vitisho au kipigo, hilo si jambo la maharage tena. Mweleze muuguzi ukiwa peke yako chumbani, au nenda dawati la jinsia kituo cha polisi.

Ipo njia yoyote ya kweli ya kuchagua?

Ya maabara tu: kutunga mimba nje ya mwili na kupima viinitete kabla ya kuvirudisha. Ni ghali, ni safari ngumu, na haina hakika ya mimba kushika. Uingereza inairuhusu pale tu inapozuia ugonjwa mkubwa unaofuata jinsia, kwa mfano hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda. India imepiga marufuku kuchagua jinsia kwa sheria ya mwaka 1994, kwa sababu waliokuwa wanakosa nafasi ni mabinti. Altrasaundi haichagui, inaonyesha tu, na huonyesha vizuri kuanzia wiki ya 18 hadi 20 hivi.

Basi nile nini, na saa ngapi?

Hapa ndipo saa ya kula ina maana kweli, na ndipo ningependa maswali yawe mengi.

Kama unapanga mimba, anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku kabla hujashika. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi ndiyo kwanza wanahesabu siku. Mayai kula. Hayamfanyi mtoto azaliwe kipara. Kama kichefuchefu kinakusumbua asubuhi, weka kipande cha mkate mkavu au kiazi kitandani, ukile kidogo kabla hujasimama, kisha subiri robo saa. Kiungulia kikija usiku, kula mapema na usilale papo hapo.

Na vidonge vya kuongeza damu tunavyokupa kliniki, usivimeze na chai. Wengi hufanya hivyo kwa sababu chai ndiyo iko mezani, kisha wanakuja mwezi wa pili damu haijapanda. Majani ya chai hushika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Meza kidonge na maji, ukiweza na chungwa au embe, na chai iache isubiri saa moja au mbili.